Dirisha la Nne Bado Linaita

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lenye mguu uliofungwa kamba, limeegemea ukuta wa duka la vipuri, na mbele yake kuna jiko la mkaa la muuza kahawa. Ukikaa hapo unatazamana na ofisi ya ardhi ng'ambo ya barabara: geti la chuma, kibanda cha askari, na kipaza sauti kilichotundikwa barazani kwa ajili ya watu waliokosa nafasi ukumbini. Tangu asubuhi ofisi ikifunguliwa, kipaza sauti hicho huita watu kwa namba, kwa sauti ya mwanamke mpole asiye na haraka, na watu wa kijiweni wameizoea kiasi kwamba hawaisikii tena, kama mtu asivyosikia friji ya nyumbani kwake. Wanaokaa hapo ni wale wale. Kuna Kocha, aliyewahi kufundisha timu ya watoto wa shule kwa msimu mmoja, timu ikafungwa mechi zote, jina likabaki. Kuna Wakili, ambaye hajasoma sheria popote ila aliwahi kuwa shahidi kwenye kesi iliyoahirishwa mpaka hakimu akastaafu. Kuna Waya, fundi wa redio na simu, mtu wa maneno machache ambaye akifungua kinywa anaanza na "kiufundi". Na kuna Mzee Geti, mlinzi mstaafu wa kiwanda cha sabuni, ambaye siku ile hakuja kunywa kahawa. Alikuja kumsubiri binti yake.

Binti alikuwa ndani ya jengo lile, mbele ya kamati. Jioni moja, ofisi ikiwa imeshafungwa, kiwanja cha mjane mmoja kilihamishwa kwenye mashine kikawa mali ya mtu mwingine. Aliyefanya hivyo alitumia neno la siri la pamoja la kaunta, ambalo makarani wote wanalijua, hata anayefagia analijua. Wakubwa wakaiuliza mashine kuu: saa ile, nani alikuwa ameingia kwa jina lake na hajatoka? Mashine ikataja jina moja tu, la binti wa Mzee Geti, karani wa dirisha la nne. Yeye anasema alitoka. Alifunga kazi zake, akabonyeza pa kutokea kama siku zote, akachukua pochi, akaenda kumpitia mwanawe kwa jirani. Mashine inasema hakutoka. Basi wakamsimamisha kazi, wakambadilishia neno la siri asiweze kuingia tena, na leo ndiyo siku aliyoitwa kujieleza. Asipoeleweka hana kazi, na kila atakapopita atanyooshewa kidole kwamba ndiye aliyemnyang'anya mjane kiwanja.

Ndugu hawaruhusiwi kuingia kwenye kamati, kwa hiyo Mzee Geti alikaa kwenye benchi na kikombe mkononi, na wenzake, kwa kumwonea huruma, wakamfanyia kile wanachokiweza. Wakaanza kubishana.

– Mimi ninachouliza ni kimoja, Kocha akasema. Mashine haina macho. Inajuaje mtu ameondoka?

– Inajua kwa kuandikiwa, Wakili akajibu. Sheria inasema, kuondoka ni tamko. Unatamka kwamba mimi fulani nimeondoka. Usipotamka, wewe upo hata kama umekufa.

– Sheria gani hiyo?

– Sheria ya kuondoka.

Kocha akaguna. Yeye alikuwa na yake. Alisema zile batani za kuandikia zina joto la vidole, na mashine hupima joto hilo. Mtu akiondoka vidole vinapoa, mashine inahesabu dakika zake, kisha inapuliza filimbi: huyu katoka. Sasa ofisi ile ina joto kama tanuri, feni zote mbovu, batani zitapoa saa ngapi? Kwa maelezo yake, binti wa watu alionewa na hali ya hewa tu.

Muuza kahawa akacheka kwa pua huku akipepea mkaa. Mzee Geti hakucheka. Kwenye geti la kiwanda alikokaa maisha yake yote ya kazi, jambo hili lilikuwa rahisi. Kila mfanyakazi alikuwa na kipande cha bati chenye namba yake. Akiingia anakichukua kutoka kwenye ubao wa misumari, akitoka anakirudisha. Kipande kikiwa ubaoni, mtu katoka. Msumari ukiwa mtupu, mtu yumo, na habari imekwisha. Watu walikuwa wanarudishiana vipande, mmoja anatundika vya marafiki zake watatu huku wenyewe wamesharuka ukuta tangu mchana, na Mzee Geti alilijua hilo vizuri sana. Lakini meneja akiuliza nani yumo, alitazama ubao akajibu kama ubao ulivyosema. Ubao haukuwahi kumletea matatizo na mtu.

– Namba arobaini na tisa, dirisha la pili, kipaza sauti kikasema.

– Nyie hamjui mambo, Kocha akaendelea, maana nadharia ya joto ilikuwa imeshampoa. Mle ndani ya kioo kuna kijicho kidogo, kama tundu la sindano. Kinakuangalia. Halafu picha yako inakwenda mbali huko, nje kabisa, kwenye chumba cha baridi, anakaa mtu kavaa koti. Kazi yake ni kutazama ofisi zote za dunia. Akiona kiti kitupu anabonyeza: huyu katoka. Sasa jioni ile jamaa alisinzia.

– Akasinzia kwetu tu?

– Ofisi zenyewe unajua ni ngapi?

Wakili akasema kama ni hivyo basi huyo mwenye koti ashtakiwe, na yeye yuko tayari kuandika hati. Kocha akamuuliza hati ataipeleka wapi, Wakili akasema kwenye chumba cha baridi. Wakaanza kuvutana juu ya nauli ya kufika huko, na kwa kitambo kidogo binti wa Mzee Geti akasahaulika kabisa. Mzee alitazama geti la ofisi. Hakuwakasirikia. Alijua wanaume wale hawana cha kumpa zaidi ya porojo, na walikuwa wakimpa zote walizonazo.

Ndipo Waya akaweka chini redio aliyokuwa anaichokonoa.

– Kiufundi, akasema, mashine haikuangalii wewe. Wewe haikujui. Inaangalia kazi zako.

– Kazi gani?

– Kazi ulizoiagiza. Ukiingia, kila unachokifungua kinaandikwa jina lako. Ukitoka, unavifunga. Sasa ukiondoka ukaacha kimoja kinaendelea, hata kidogo, hata hakionekani kwenye kioo, baadhi ya mashine zinakuhesabu bado umo. Zinangoja kile cha mwisho kiishe. Mdogo wangu anayesomea mambo haya ndiye aliyenieleza. Kwa mashine, mtu ni kazi zake. Kazi ya mwisho ikiisha, mtu ameondoka.

Benchi likaangua kicheko.

– Kwa hiyo mimi, Kocha akasema akijifuta machozi, nimeacha maharage jikoni nikaja hapa. Niko jikoni?

– Kwa mashine, uko jikoni.

– Jamani, huyu ndiye katia fora. Mtu mwenye koti hamumtaki, mnataka maharage.

– Sheria haimtambui mtu kwa maharage, Wakili akaafiki.

Mzee Geti peke yake ndiye aliyegeuka. Akamuuliza Waya, taratibu, binti yake aliacha nini kinachoendelea, maana alisema alifunga kila kitu, faili la mwisho mpaka la kwanza. Waya akakuna kichwa. Akasema hapo hajui. Kama alifunga kila kitu, basi hakuna kilichobaki, na mashine ingemwona ametoka. Akaichukua redio yake akaendelea kuichokonoa, na neno lile likapita.

– Namba hamsini na tatu, dirisha la kwanza.

Mzee Geti alikunywa kahawa iliyokwisha kupoa. Kilichokuwa kinamla hakikuwa mashine. Jana yake, pale pale kwenye benchi, Wakili alimpa ushauri, na yeye akaubeba mpaka nyumbani kama kitu cha thamani. Ushauri ulikuwa huu: binti akubali kwamba alisahau kutoka. Asibishane na mashine, kwa sababu wakubwa wameinunua kwa fedha nyingi na hawawezi kukubali kuwa inakosea. Lakini kusahau kila mtu husahau. Atapewa onyo, atasamehewa, atarudi dirishani kwake.

Alimkuta binti anaosha vyombo. Akamweleza. Binti hakugeuka.

– Baba, mimi nilitoka.

– Mashine haina chuki na wewe, mwanangu. Ingekusingizia kwa faida gani?

Hapo ndipo alipogeuka. Alimtazama baba yake, mikono ikidondosha povu la sabuni, kwa muda ambao mzee mpaka sasa hakupenda kuukumbuka. Hakuonekana na hasira. Alionekana kama mtu aliyefika kwenye mlango wa kwao akaukuta umebadilishwa kitasa. Kisha akasema, "Sawa, baba," akarudi kwenye vyombo vyake. Tangu jana ile "sawa, baba" ilikuwa imemkaa mzee kifuani, haipandi wala haishuki.

Kwa sababu binti yule hakuwa msahaulifu. Hata yeye baba mtu alijua. Alikuwa mtu wa kurudi mlangoni kuhakikisha amefunga. Ndiyo maana, mwaka mmoja kiongozi wa juu alipokuwa anakuja kukagua ofisi, na mtambo wa kuita watu ukaletwa mbio mbio, walimchagua yeye arekodi namba zote. Alizisoma ndani ya stoo ya mafaili, mlango umefungwa, ili zisitoke na mwangwi. Na fundi wa mitambo, kwa haraka ya ugeni, hakutafuta pengine pa kuufungia mtambo. Alimwambia binti, "Dada, niazime kiti chako mara moja," akaketi kwenye mashine ambayo binti alikuwa ameshaingia kwa jina lake, akauwasha mtambo humo humo, akaondoka. Kuanzia hapo haukuzimwa. Jioni unanyamaza tu kwa kuwa hakuna wa kuitwa. Siku ya kwanza sauti ilipotoka barazani Mzee Geti aliwasimamisha watu wote wa kijiweni. "Msikilizeni huyo. Ni wa kwangu huyo." Walisikiliza mpaka mchana. Wiki iliyofuata walikuwa wameshazoea.

Basi walikuwa wamefika hapo, kahawa imezunguka tena na Kocha ameanza kusema huenda mashine ina wivu wa kike, pale bibi mmoja alipovuka barabara kutoka kwenye lile geti akiwa na bahasha kwapani na karatasi ya namba mkononi. Walimwamkia wote kwa pamoja, akaitikia marahaba, wakasogea apate kukaa. Akasema anaomba apumzike hapo, maana ofisi ile imemchosha. Kwanza kaitwa vizuri, kwa adabu, tena dirisha likatajwa. Kainuka, magoti yanauma, kafika dirishani. Hapana mtu.

– Dirisha gani, bibi? muuza kahawa akauliza akimmiminia.

– La nne.

Mzee Geti akasema dirisha la nne halina mtu. Karani wake amesimamishwa kazi.

– Sasa mbona linaita?

– Linaitaje?

– Linaita. Si mimi peke yangu. Kuna kijana mwingine kaitwa hapo kabla yangu, naye kakuta kiti kitupu. Askari akaniambia nenda kaketi, bibi, utaitwa tena. Ninachouliza, ikiwa hayumo, anayenielekeza kwake ni nani?

Lilikuwa lalamiko la kawaida tu la bibi aliyechoka, na Kocha alikuwa tayari anafungua mdomo amjibu kwa habari za yule mwenye koti. Lakini Waya alikuwa ameacha kuchokonoa. Bisibisi ilikuwa imesimama hewani.

– Mzee, akasema. Ule mtambo wa kuita unapeleka watu kwenye madirisha gani?

– Madirisha yenye watu. Karani akiwa ameingia kwenye mashine, unampelekea. Akiwa hajaingia, unamruka.

– Na yule fundi aliuwasha kwenye kiti cha nani?

Mzee Geti akaweka kikombe chini. Kipaza sauti kikaita namba sitini, dirisha la tatu, kwa ile sauti pole, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ya kwanza kijiwe kizima kiliisikia. Kazi iliyoandikwa jina la binti, iliyofunguliwa kwenye kiti chake, ambayo haijawahi kuzimwa hata siku moja, ilikuwa ikiwapigia kelele masikioni asubuhi nzima wakati wao wanajadili joto la vidole.

– Hajawahi kutoka, Waya akasema polepole. Kwa mashine hajawahi kutoka tangu siku ile. Kila jioni anabonyeza pa kutokea, anakwenda zake, na mashine inaona kile kimoja bado kinaendelea, inasema huyu bado yumo. Kila siku. Jioni ile ya kiwanja yumo. Leo yumo. Wamembadilishia neno la siri, sawa, lakini hilo linamzuia mtu kuingia. Halimtoi aliyekwisha kuingia.

– Na aliyeiba?

– Aliyeiba alifunga kila kitu akatoka. Huyo mashine inamwona ni mtu safi.

Mzee Geti alikuwa amekwisha simama. Alivuka barabara bila kutazama huku wala huku, na dereva mmoja akamtukana, hakusikia. Alikuwa akijiambia kamati huwa haianzi kwa wakati, wakubwa huchelewa, chai huchelewa, labda bado. Alifika getini akitweta akamwambia askari anataka kuingia kwenye kamati mara moja.

Askari alikuwa kijana mstaarabu. Akatazama karatasi yake.

– Mzee wangu, jina lako halipo hapa.

– Najua halipo. Ni dakika moja.

– Utaratibu, mzee wangu.

Maneno yale Mzee Geti aliyasema yeye mwenyewe maisha yake yote, kwa sauti ile ile, kwa watu waliokuja na wagonjwa, na misiba, na shida ambazo hakuzisikiliza. Alishindwa hata kumchukia kijana. Akamwomba basi apeleke neno tu. Awaambie wakaitazame mashine sasa hivi. Itawaambia binti yake ameingia.

– Unasema binti yako yumo?

– Yumo. Mashine itasema yumo.

– Sasa kama yumo, mzee, unalalamika nini?

Alikuwa bado anatafuta namna ya kumweleza, na kila alivyoeleza ndivyo alivyosikia maneno yake yakifanana na ya Kocha, pale mlango wa ukumbi ulipofunguka binti yake akatoka. Alikuwa amebeba mfuko wa plastiki, na ndani yake vilionekana kikombe chake cha ofisini, kandambili, na ile sweta aliyokuwa akivaa siku za mvua. Alimwona baba yake akajaribu kutabasamu.

– Yamekwisha, baba.

– Umesema nini?

– Nimesema kama ulivyoniambia. Kwamba nilisahau kutoka. Nimesaini.

– Wakasemaje?

– Wamenishukuru kwa kuwa mkweli, binti akasema. Lakini kazi hakuna tena. Na wamesema kwa kuwa nimekubali mwenyewe, hakuna haja ya kuichunguza mashine.

Mzee Geti akampokea mfuko. Hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Wakavuka barabara pamoja, polepole, na watu wa kijiweni wakainuka wote kumpisha binti kwenye benchi, hata Kocha, ambaye hajawahi kumpisha mtu. Akawaamkia. Hawakuweza kumtazama vizuri.

Waya ndiye aliyemweleza. Alianza vibaya, akarudi nyuma, akasema "kiufundi" mara nyingi kuliko kawaida, na kabla hajafika katikati binti alikuwa ameshaelewa. Aligeuza uso kukitazama kipaza sauti kilichokuwa barazani.

– Kile alichokiwasha yule fundi, akasema. Kwenye kiti changu.

– Hicho.

– Kwa hiyo mimi nilitoka.

– Ulitoka, dada. Ulitoka kila siku.

Binti akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabu kitu moyoni. Hakulia. Mzee Geti alikuwa akiomba alie, au apige kelele, au amlaumu mbele za watu, lolote. Wakili naye alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, jasho limemtoka, maana ushauri ulikuwa wake. Muuza kahawa akamuuliza kama mtu akishasaini anaweza kuitengua sahihi yake.

– Sheria inasema, Wakili akaanza. Akasita. Akatazama viatu vyake. Sijui, akasema. Sijui inasemaje. Mimi sijui sheria.

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kumtoka, na hakuna aliyelifurahia. Kocha akasema kwa unyonge kwamba waende wote, waingie kwa nguvu, wawaoneshe. Wakamtazama askari getini, wakatazama geti, wakajitazama wenyewe. Nani angeingia aseme nini? Kwamba mashine inamwona mtu kwa maharage aliyoacha jikoni? Wao wenyewe walilicheka jambo hilo asubuhi ile ile, na wao ni watu wanaompenda.

Binti akamgeukia baba yake. Sauti yake ilikuwa ya chini, ile ile ya kusoma namba, haina haraka.

– Baba, si nilikwambia nilitoka?

– Uliniambia, mwanangu.

Mzee Geti alikuwa amewaamini watu asiowajua kwa sababu tu kipande cha bati kilikuwa kwenye msumari. Huyu aliyemlea mwenyewe, anayerudi kukagua mlango uliofungwa, alikuja akamwambia kwa mdomo wake, na yeye akaenda kuamini ubao. Alitaka kumwomba radhi, lakini radhi ilikuwa ndogo mno kwa jambo lenyewe, akabaki ameshika mfuko wa plastiki magotini.

Yule bibi alikuwa bado amekaa pale, kikombe kimemkaukia mkononi, akimtazama binti mdomoni.

– Sauti yako naijua, mwanangu, akasema. Wewe ndiye uliyeniita kule ndani.

– Ndiyo, bibi. Ni mimi.

– Na kule dirishani nikakukosa.

– Nisamehe, bibi. Sipo pale tena.

Bibi akaitikia kwa kichwa, akaonekana kuridhika. Muuza kahawa akainamisha birika juu ya kikombe cha mzee, likatoa tone moja na machicha. Ng'ambo ya barabara kipaza sauti kikakwaruza kidogo kama kinasafisha koo.

– Namba hamsini na saba, dirisha la nne.

Bibi akaifungua karatasi yake, akaisogeza mbali na macho ili aisome. Akamtazama binti. Midomo ya binti ilikuwa imefungwa.

– Mwanangu, unaniita tena, akasema. Niende, au nisubiri?